Karatasi Isiyo na Saa

Tarehe 13 Desemba 1983, mjini Denver, Marekani, timu ya Detroit Pistons iliifunga Denver Nuggets pointi 186 kwa 184. Ukizijumlisha unapata 370. Hakuna mechi ya NBA iliyozaa pointi nyingi kuliko hizo, si kabla ya usiku huo wala baada yake. Februari 2023 Sacramento Kings na Los Angeles Clippers walijitahidi wakaishia 176 kwa 175, na hiyo ndiyo iliyokaribia zaidi. Hawa wa leo wanatupa mitupo ya pointi tatu kama watu wanaogawa karanga. Wale wa 1983, timu mbili kwa pamoja, dakika 63 nzima, walijaribu pointi tatu mara nne tu, wakapata mbili: moja ya Isiah Thomas wa Detroit, moja ya Richard Anderson wa Denver. Zilizobaki zote zilikuja mbilimbili na mojamoja.

Sijawahi kuiona mechi hiyo. Ninachokijua nimekisoma kwenye karatasi ya takwimu, ile wanayoijaza watu wa mezani wakati wachezaji wanakimbia. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupokea, nami nataka kueleza kwa nini.

Anza na robo. Mwisho wa robo ya nne, 145 kwa 145. Wakaongezewa dakika tano, kila timu ikapata 14: 159 kwa 159. Wakaongezewa tano nyingine, kila timu ikapata 12: 171 kwa 171. Katika nyongeza ya tatu Detroit walipata 15, Denver 13. Watu 9,655 walikuwa uwanjani. Rekodi iliyokuwepo kabla ya usiku huo, ya San Antonio na Milwaukee mwaka 1982, ilikuwa jumla ya 337, nayo ilihitaji nyongeza tatu vilevile. Hawa waliipita kwa pointi 33.

Kisha zinakuja safu za majina. Kiki Vandeweghe wa Denver alifunga 51. Alitupa mara 29, zikaingia 21. Mwenzake Alex English, ambaye msimu uliotangulia aliongoza ligi nzima kwa ufungaji, alipata 47. Kwa Detroit, Isiah Thomas 47, tena na pasi 17 za kufunga. John Long 41, mara 18 kati ya 25. Kelly Tripucka 35. Wachezaji wanne waliopata zaidi ya 40 katika mechi moja. Ukiisoma kwa haraka unaweza kudhani aliyeandika alikuwa amelewa.

Ila hesabu zinakubali. Hilo ndilo lililonivuta mwanzoni. Denver walifunga vikapu 68; kila kimoja pointi mbili, zinakuwa 136; ongeza moja ya ule mtupo wa tatu, 137; ongeza mitupo huru 47 iliyoingia, unapata 184. Detroit vikapu 74, zinakuwa 148, na moja, na mitupo huru 37, unapata 186. Mtu fulani alikaa mezani usiku ule kwa zaidi ya saa moja ya mchezo halisi, watu wakipiga kelele sikioni mwake, na mwisho wa yote kila pointi ilikuwa na mwenyewe. Hakuna iliyopotea, hakuna iliyozidi.

*

Kusoma karatasi hizi alinifundisha kaka yangu.

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, futi saba na ushee, alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya wa mwaka ule. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Lakini hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule kila kijana mrefu wa Temeke alikuwa tayari Marekani kichwani mwake. Kaka yangu alikuwa na miaka 17 na alikuwa akiinama kupita mlango wa jikoni kwetu.

Mechi zenyewe hatukuweza kuziona. Zilichezwa alfajiri ya huku, na nyumbani king'amuzi cha kuzionyesha hakikuwepo. Kilichokuwepo ni kafe ya intaneti karibu na kituo cha daladala, na fedha ya nusu saa. Kaka alikuwa anafungua ukurasa wa takwimu, ananionyesha kwa kidole. Hii safu ni dakika. Hizi mbili zenye kistari katikati, ya kwanza ni alizofunga, ya pili ni alizojaribu. Hizi ni ribaundi. Hapa ni alizozuia. Tulikuwa tunashuka na orodha ya Memphis mpaka chini, maana jina letu halikukaa juu. Siku nyingine tulikuta dakika kumi na pointi mbili. Siku nyingine tulikuta herufi tatu tu, DNP, maana yake hakuingia kabisa. Msimu ule wa kwanza Thabeet alimaliza na wastani wa pointi 3.1, na katikati yake alipelekwa ligi ya chini kwa muda. Mtaani watu walianza kucheka. Kaka hakucheka. Alikuwa anasema, "Angalia dakika kwanza. Mtu wa dakika kumi usimdai pointi ishirini."

Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya takwimu: kabla hujamhukumu mtu, angalia alipewa nini.

*

Mwaka uliofuata shule ya kaka ilifika fainali ya mashindano ya shule za sekondari. Nilikuwa na miaka 12, nilikaa kwenye ngazi za saruji upande wa jua. Walifungwa 52 kwa 51. Zikiwa zimebaki sekunde chache, kaka alichezewa faulo akapewa mitupo miwili huru. Wa kwanza uligonga chuma cha ringi ukarudi. Wa pili ukagonga chuma, ukazunguka, ukatoka. Filimbi ikalia.

Jumatatu shuleni alikuwa tayari ana jina jipya: Chuma. Likamfuata mtaani, likamfuata chuo cha ufundi, likamfuata kwenye kibanda chake cha kutengeneza friji. Wateja wanaokuja siku hizi wanadhani ni sifa, kwamba jamaa ni imara. Bango la kibanda limeandikwa jina hilo, naye analiitikia bila kukunja uso. Ila mpira hakuushika tena. Nilipokuwa sekondari nikimwomba anifundishe kutupa, alikuwa anasema mgongo unamuuma. Alikuwa na miaka 20.

Nyumbani hatukuwa tunaongelea. Baba aliwahi kusema mara moja, wakati wa chakula, kwamba mtoto aliyemlipia viatu vya mpira amemrudishia chuma chakavu. Alikusudia mzaha, na wageni walicheka. Kaka naye alicheka. Nakumbuka alimaliza ugali wake wote, akanawa, akatoka nje.

*

Ile mechi ya Sacramento mwaka 2023 ndiyo iliyonipeleka kwenye karatasi ya Denver. Nilitaka kujua ni mechi gani wameshindwa kuipita. Nikaanza na wafungaji wakubwa, kama kila mtu. Halafu jicho likashuka kwenye safu ya mitupo huru, na hapo nikakaa.

Detroit, walioshinda, walipewa mitupo huru 60 wakaingiza 37. Yaani walikosa 23. Denver, walioshindwa, walipewa 57 wakaingiza 47. Walikosa kumi tu. Timu iliyokosa mara 23 ilishinda kwa pointi mbili.

Na aliyekosa zaidi ya wote? Isiah Thomas. Mitupo huru 19, imeingia kumi. Mtu aliyeingizwa baadaye kwenye Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo, nahodha wa ubingwa wa 1989 na 1990, alisimama kwenye mstari bila mtu wa kumzuia, kikapu kikiwa pale pale kilipokuwa siku zote, akakosa mara tisa katika usiku mmoja. Mechi iliyoisha kwa tofauti ya mbili. Ukitaka kumlaumu una kila sababu. Hakuna anayemlaumu.

Nikapiga picha ile safu nikamtumia kaka kwa WhatsApp. Nikaandika: "Isiah 10 kwa 19. Kakosa tisa."

Alijibu baada ya saa nzima. "Isiah alishinda, dogo. Aliyeshinda anasamehewa."

Alikuwa na haki. Basi nikarudi kwenye upande wa walioshindwa, nikakaa nao jioni nzima na kalamu.

Mitupo kumi iliyokosa Denver iligawanyika hivi. English alikosa miwili. Vandeweghe miwili. Dan Issel miwili. Rob Williams mmoja, T. R. Dunn mmoja, Danny Schayes mmoja, Anderson mmoja. Watu saba. Kama mmoja wa wale watatu wa mwanzo angeingiza yake miwili, zingekuwa 186 kwa 186 na pengine wangekuwa wanaendelea mpaka leo. Vandeweghe angeweza kuamka usiku kwa miaka arobaini akiiona ile miwili. English pia. Issel pia. Wote watatu wana haki sawa ya kuamini kwamba ndiye aliyeipoteza mechi.

Wachezaji wa Denver waliopewa mitupo huru bila kukosa hata mmoja ni wawili: Mike Evans, miwili kwa miwili, na Bill Hanzlik, miwili kwa miwili. Hanzlik huyo huyo, upande wa vikapu vya kawaida, alijaribu mara nne akapata sifuri. Katika mechi ambayo vikapu vilimiminika 142, yeye hana hata kimoja. Anazo pointi mbili tu, zote za mstarini. Bado karatasi imempa mstari wake, urefu ule ule kama wa Vandeweghe.

Ninayempenda kuliko wote ni Schayes. Alijaribu kikapu cha kawaida mara moja, akakosa. Lakini mstarini alikwenda mara 12, akaingiza 11. Pointi 11 bila kufunga kikapu hata kimoja. Baba yake, Dolph Schayes, alikuwa nyota wa Syracuse miaka ya 1950, na misimu mitatu aliongoza ligi nzima kwa usahihi wa mitupo huru. Usiku ule mtoto alikwenda kwenye kazi ya baba yake, akakosa mara moja kati ya kumi na mbili. Ukiangalia orodha ya wafungaji peke yake huwezi kuliona hilo. Utaona 11, utampita.

Nikamwandikia kaka tena. Nikampangia majina yote saba na walichokosa. Nikamwambia Vandeweghe alikosa miwili kama yeye, mechi ikapotea kwa mbili, na hakuna mtu duniani anayemwita Chuma.

Safari hii alijibu hapo hapo. "Kwa sababu yeye ana 51 zimeandikwa. Mimi nina nini?"

*

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko nilivyofikiria mambo mengi niliyolipiwa ada kuyafikiria.

Karatasi ya takwimu haina saa. Huo ndio upungufu wake mkubwa, na nimekuja kuamini kwamba ndio wema wake pia. Mitupo tisa aliyokosa Isiah haina tarehe ndani yake. Huwezi kujua kwenye karatasi ile kama aliikosa robo ya kwanza, watu wakiwa bado wanatafuta viti, au mwisho, moyo ukiwa mkononi. Kila mmoja una uzito wa pointi moja. Wa dakika ya pili ni sawa na wa dakika ya sitini. Karatasi haimjui mtu wa mwisho.

Kumbukumbu za watu ziko kinyume kabisa. Zinashika la mwisho. Mechi ya shule ya kaka ilikuwa na dakika nyingi, na watoto kumi na kitu waliovaa jezi, na mitupo ambayo hakuna ajuaye idadi yake. Wengine nao walikosa. Lazima walikosa, ni watoto wa shule. Lakini hakuna aliyeiandika, au iliandikwa kwenye karatasi iliyokaa mezani mpaka jioni kisha ikaenda ziendako karatasi. Kilichobaki ni kile kilichokaa vichwani, na vichwani kilikaa cha mwisho. Mvulana aliyecheza mechi nzima akageuka kuwa sekunde tano.

Siisifu karatasi kupita kiasi. Nayo inaficha. Mwisho wa robo ya nne kule Denver, wenyeji wakiongoza kwa mbili, Bill Laimbeer wa Detroit alikuwa mstarini, na mtupo wake mmoja aliukosa kwa makusudi ili mpira urudi ugombaniwe. Ukaishia mikononi mwa Isiah, naye akafunga: 145 kwa 145. Bila kukosa kule kusingekuwa na nyongeza hata moja, wala rekodi, wala mimi kuandika hapa. Karatasi imeandika tu: Laimbeer, mitano kwa tisa. Kosa la akili na kosa la mkono limewekwa kwenye shimo moja.

Tena kila safu kwenye karatasi ipo kwa sababu kuna mtu aliyeamua kwamba jambo lile linastahili kuhesabiwa. NBA ilianza rasmi kuhesabu mipira iliyozuiwa na iliyoporwa msimu wa 1973 hadi 1974. Bill Russell alikuwa ameshastaafu. Wilt Chamberlain alikuwa ameshacheza mechi yake ya mwisho. Hao ndio wazuiaji wawili waliotisha kuliko wote wa zama zao, na kwenye kumbukumbu rasmi za ligi hawana hata mpira mmoja waliouzuia. Waliuzuia, watu waliona, wakapiga makofi, safu haikuwepo.

Hata wingi wa pointi wenyewe ni uamuzi wa mtu. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Mechi nzima. Fort Wayne waliogopa kumpa George Mikan nafasi, wakaushika mpira tu, wakasimama nao. Mikan bado alifunga 15 kati ya zile 18 za Lakers. Baada ya michezo ya namna hiyo ndipo, mwaka 1954, Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse aliyochezea baba yake Schayes, alileta saa ya sekunde 24: timu isiyotupa mpira ndani ya muda huo inaupoteza. Fort Wayne Pistons wakahamia Detroit mwaka 1957. Kwa hiyo timu iliyoshinda mechi yenye pointi chache kuliko zote na timu iliyoshinda mechi yenye pointi nyingi kuliko zote ni moja. Kilichobadilika katikati ni kwamba mtu mmoja alikaa akahesabu.

*

Niliamua kumtafutia kaka mstari wake.

Sikumwambia. Nilianza na waliokuwa mezani siku ile. Mmoja nilimpata, sasa ni mwalimu mkoani. Akasema karatasi zilikuwepo, zilikaa kabatini, kabati likahamishwa. Nikawatafuta waliocheza naye. Watatu walipatikana. Wa kwanza, anauza vipuri Kariakoo, alisema Chuma siku ile alipata ishirini na. Na ngapi? "Na kitu." Wa pili akasema si chini ya 14. Wa tatu aliniuliza kwanza kama kaka anajua ninauliza. Nikamwambia hapana. Akanyamaza kidogo kwenye simu.

Halafu akasema: "Sikiliza. Dakika tatu za mwisho sisi tulikuwa nyuma kwa tisa. Watu walianza kushuka kwenye ngazi waende zao. Kocha akasema mpeni yeye tu. Tukawa tunampa yeye tu. Wale hawakupata kitu tena. Sisi tukafika 51."

Nikamwuliza kaka alifunga vikapu vingapi hapo.

"Vitatu, vinne. Sikuhesabu. Nilikuwa napiga kelele."

Nilikuwa pale ngazini. Nilikuwa na miaka 12, nimekaa juani, na macho yangu mawili yaliona dakika zile tatu. Nilipojaribu kuzikumbuka, nilichokiona ni mpira unaozunguka kwenye ringi na kutoka. Kabla ya hapo kichwani mwangu kulikuwa cheupe kabisa.

Jumamosi ile nilikwenda kibandani kwake. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji la soda, tochi mdomoni, anachomelea bomba la gesi. Nikasubiri amalize. Nikamwambia niliyoambiwa: nyuma kwa tisa, dakika tatu, mpeni yeye tu, vitatu au vinne.

Alizima mtungi. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kula.

"Vinne," akasema.

Sikusema kitu.

"Kimoja cha ubaoni kutoka kulia. Viwili niliingia ndani. Cha nne nilirukia pale kwenye kona, mkono wa yule mrefu wao ulikuwa hapa." Akaweka kiganja chake mbele ya macho yake mwenyewe. "Hapa kabisa. Ndio tukawa 51."

Nilitoa kalamu nikafanya hesabu nyuma ya risiti yake, kwa mazoea tu. 52 toa tisa ni 43. Vikapu vinne ni pointi nane. 43 na nane, 51. Vikapu vitatu visingefika. Hesabu ilikubali.

Nikampa risiti akaiangalia kwa muda mrefu. Miaka 13 alikuwa nayo yote, kona, mkono wa yule mrefu, ubao wa kulia, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu ukianza kusimulia vinne lazima umalizie na viwili, na watu walikuwa wameshafika kwenye viwili kabla hujaanza.

"Ya mbele ya hapo sikumbuki," akasema. "Nilikuwa na faulo mbili mapumziko. Au tatu."

"Niweke mbili?"

"Usiweke kitu usichokijua."

Kwa hiyo nimeiandika hivi, kwenye daftari la kaunta nililonunua njiani kurudi, na yeye ameikagua. Jina lake kamili, si lile la bangoni. Vikapu: angalau 4. Mitupo huru: 0 kwa 2. Pointi: angalau 8. Ribaundi, pasi, faulo: nafasi tupu. Nimechora mistari ya wenzake pia, na ya timu ya pili, kumi na kitu kwa ujumla, mingi haina chochote ndani yake isipokuwa jina. Yule wa vipuri ameniahidi atanitafutia wengine wawili, mmoja yuko Mwanza. Kaka amesema nisiwasahau wale wa benchi, hata kama hawakuingia. Waandikwe.